Ndugu wa Marehemu Mbele ya Faili la Zamani: Utangulizi

Ndugu wa marehemu anayeamua kufungua upya kesi ya mauaji ya miaka mingi iliyopita ni nadra aanze kwa kuuliza nani aliua. Huanza na karatasi. Mahali fulani katika faili ipo sentensi iliyoandikwa na daktari, askari au hakimu, ikatiwa saini na kugongwa mhuri, na sentensi hiyo haipatani na maiti ambayo familia iliiona kwa macho yake. Magazeti huhamia kwenye habari nyingine, majirani huchoka kuulizia, aliyeiandika hustaafu na kwenda kijijini kwake. Ndugu hubaki nayo. Huisoma mpaka akaikariri, na siku moja hutoka nyumbani kwenda kutafuta iliandikwaje.

Nimeandika utangulizi huu kwa ajili ya msomaji anayetaka kuanza kuwasoma watu wa namna hiyo: wazazi, wajane, dada, wapwa na watoto waliogeuka wapelelezi. Uwanja wenyewe hauna idara yake chuoni. Mwanasheria anakishika kipande kimoja, mwanahistoria kingine, daktari wa upasuaji wa maiti cha kwake, na mhakiki wa fasihi ana lake la kusema kuhusu vitabu ambavyo familia hizi huviandika. Karibu uingie kwa mlango wowote. Ninachokuomba ni uende na wazo moja mkononi: kazi ya ndugu wa marehemu ipimwe kwa jinsi anavyoitendea karatasi ile ya kwanza, na si kwa ukubwa wa huzuni yake wala kwa kelele alizopiga.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hakuna kesi bora ya kuanzia kuliko ya Julie Ward. Alikuwa Mwingereza wa miaka 28, mpenda kupiga picha za wanyama, aliyekuja Kenya mwaka 1988 baada ya safari ndefu ya barabara kulivuka bara letu. Mwanzoni mwa Septemba alikuwa Maasai Mara kuwapiga picha nyumbu wanaohama. Gari lake dogo, jipu la Suzuki, lilimharibikia. Alibaki nyuma likatengenezwa, kisha tarehe 6 akaondoka na hakuonekana tena. Baba yake, John Ward, mwenye hoteli kutoka Bury St Edmunds, alipanda ndege akaja, akakodi ndege ndogo za kutafuta angani. Gari lilionekana limekwama korongoni. Tarehe 13 Septemba yakapatikana mabaki: sehemu ya mguu na kipande cha taya, karibu na majivu ya moto.

Maelezo ya kwanza ya wakubwa yalikuwa kwamba ameliwa na wanyama. Ward alikuwa ameuona ule mguu. Hakuwa daktari wala askari, lakini aliona mahali ulipokatika, na alijua kwamba simba hawawashi moto. Daktari wa serikali aliyeyapima mabaki yale aliandika katika ripoti yake kwamba mfupa ulikuwa umekatwa safi. Ripoti hiyo ilipotoka kwa mkuu wake, maneno yalikuwa yamebadilishwa: mfupa sasa umepasuka, si umekatwa. Mkuu huyo alikuja kukiri mahakamani kwamba mabadiliko ni yake, akieleza kuwa alikuwa anasahihisha lugha. Simama hapa, msomaji, ukae kidogo. Neno moja lilitosha kumhamisha Julie kutoka mikononi mwa watu na kumtia kinywani mwa mnyama. Mwanadamu akikata, kuna jinai na kuna wa kutafutwa; mnyama akirarua, faili linafungwa na watalii wanaendelea kuja.

Ward aliishika tofauti hiyo na hakuiachia. Alipeleka mabaki yapimwe Cambridge, na huko pia ikaonekana kazi ya chombo chenye makali. Alirudi kwenye lango la Sand River, kambi ambayo ilidaiwa binti yake alitoka kwa hiari yake akasaini daftari, na saini iliyokuwamo ikagundulika kwamba haikuwa ya Julie. Tazama mwendo wake: ripoti ya maiti, daftari la lango, karatasi juu ya karatasi. Mwaka 1989 hakimu wa Nairobi aliyeongoza uchunguzi wa kifo hicho alitamka kwamba Julie aliuawa. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza, na ulipatikana kwa sababu baba alijua kugombana na maandishi.

Baada ya hapo njia iliingia kiza. Wapelelezi wa Scotland Yard walikuja mwaka 1990. Askari wawili wa wanyamapori walishtakiwa, wakaachiwa huru mwaka 1992. Mkuu wa askari wa hifadhi wa wakati ule alishtakiwa baadaye, naye akaachiwa huru mwaka 1999. Mwaka 2004 uchunguzi wa kifo ulifanyika Ipswich, Uingereza, na uamuzi ukawa uleule: aliuawa kinyume cha sheria. Ward alifikia kuilaumu si Nairobi peke yake bali pia ubalozi wa nchi yake na Scotland Yard yenyewe, mpaka polisi wa Lincolnshire wakapewa kazi ya kuangalia jinsi Waingereza walivyolishughulikia jambo hilo. Inaelezwa kwamba alisafiri kuja Kenya zaidi ya mara 100 na kutumia karibu pauni milioni mbili. Aliaga dunia bila kumwona mtu yeyote akitiwa hatiani.

Nadhani unaona kwa nini kesi hii ina uzito kwa mwanafunzi. Baba aliweza kubadilisha kile kilichoandikwa, kutoka wanyama hadi mauaji, na hakuweza kupata kile ambacho mahakama ya jinai peke yake ingempa. Mambo hayo mawili huchanganywa mno. Uchunguzi wa kifo mahakamani huuliza mtu huyu ni nani, alikufa lini, wapi, kwa sababu gani, haumfungi mtu. Kesi ya jinai hudai jina la mtu na ushahidi usioacha shaka. Ndugu wa marehemu hushinda mara nyingi zaidi katika ule wa kwanza. Anayesoma vitabu vya familia bila kuijua tofauti hii atadhani kila mahali kuna njama, wakati pengine ni mahakama mbili zinazojibu maswali mawili.

Kesi ya Ward imezaa pia kitabu ambacho ningependa kila mwanafunzi wa uwanja huu akisome, kazi ya Grace Musila, msomi Mkenya, iliyotoka mwaka 2015. Musila hatafuti muuaji. Anauliza kifo kile kilisimuliwaje na nani. Ward mwenyewe aliandika kitabu mwaka 1991, akakiita The Animals Are Innocent, na mwandishi wa Uingereza akisimulia kifo cha mwanamke mweupe Afrika hubeba mizigo mingi ya zamani: pori, hatari, wenyeji wasioaminika. Wakati huohuo Wakenya walikuwa na masimulizi yao, ya matatuni na ya vibandani, yaliyowagusa watu wa tabaka la juu kabisa. Musila anaonyesha kwamba uvumi ule ulikuwa na elimu ndani yake. Katika nchi ambayo Tom Mboya aliuawa mchana mjini mwaka 1969, J.M. Kariuki akakutwa amekufa Ngong mwaka 1975, na Robert Ouko akaokotwa karibu na kwake Koru mwaka 1990, wananchi walikuwa wamejifunza kusoma taarifa za serikali kwa kutazama kile zilichoacha kusema. Uvumi si ushahidi, lakini unakuonyesha watu wameacha kuamini karatasi ipi.

Kwetu, mtu akifa, wafiwa huambiwa kazi ya Mungu haina makosa. Maneno haya yana huruma, na yamewainua wengi kutoka kwenye mkeka wa matanga. Lakini ndugu wa aliyeuawa huyasikia kwa namna nyingine. Kuyaitikia ni kukubali kwamba kazi ile ilikuwa ya Mungu. Kukataa kuyaitikia ni kuwavuruga wazee, kuwatia hofu wanafamilia wenye kazi serikalini, kuonekana hujui kufiwa. Ningependa mtafiti wetu mmoja aliandike hili vizuri, kwa sababu vitabu vya Ulaya na Marekani humwonyesha ndugu akipambana na dola, na ni haba vinavyomwonyesha akipambana na ukoo wake mwenyewe arobaini haijafika.

Kesi ya pili inatupeleka Afrika Kusini, na kwa maoni yangu ndiyo mfano bora kuliko yote tuliyo nayo barani. Ahmed Timol, mwalimu na mwanaharakati aliyepinga ubaguzi wa rangi, alikamatwa Johannesburg usiku, Oktoba 1971, pamoja na kijana mwenzake Salim Essop. Siku chache baadaye, tarehe 27, alianguka kutoka ghorofa ya 10 ya jengo la polisi la John Vorster Square. Polisi wa usalama walisema aliruka mwenyewe dirishani. Mwaka 1972 hakimu alikubali: amejiua, hakuna wa kulaumiwa. George Bizos alikuwa miongoni mwa mawakili wa familia, na hata yeye hakuweza kuuvunja ukuta ule wakati huo.

Timol alikuwa na mpwa, Imtiaz Cajee, mtoto mdogo wakati mjomba wake anakufa. Mamake Timol, Bi Hawa, alikwenda mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano mwaka 1996 akasimulia yaliyomkuta, na mpwa akaichukua kazi kutoka hapo. Alikusanya nyaraka, akawatafuta waliowekwa kizuizini pamoja na mjomba wake, akaandika kitabu mwaka 2005, akapata msaada wa mpelelezi mzoefu mstaafu, Frank Dutton, na wa wanasheria wa haki za binadamu. Uchunguzi ulifunguliwa upya mwaka 2017 mbele ya Jaji Billy Mothle. Wale walioshikiliwa zama zile wakaeleza walivyoteswa. Madaktari wakayasoma upya maandishi ya uchunguzi wa maiti ya mwaka 1971 na kuonyesha majeraha ambayo hayakutokana na kuanguka. Mhandisi wa mambo ya anga akapiga hesabu ya jinsi mwili ungeanguka kama mtu ameruka, na jinsi ungeanguka kama amesukumwa. Tarehe 12 Oktoba 2017 Jaji Mothle alitamka kwamba Timol hakujiua; aliteswa na kusukumwa, na hayo ni mauaji.

Jambo linalonivutia hapa ni kwamba sehemu kubwa ya ushahidi uliomshinda hakimu wa 1972 ulikuwa ndani ya faili la hakimu huyohuyo. Majeraha yalikwishaandikwa. Madaktari wa 2017 hawakuhitaji kufukua kaburi ili waanze kazi; walihitaji kusoma kilichoandikwa kwa macho ya mtu asiyeogopa. Dola katili huandika sana. Hupima, huorodhesha, hutunza, kwa sababu inaamini haitaulizwa. Kwa hiyo ndugu mvumilivu, akikutana na mtaalamu mwaminifu, anaweza kuitumia karatasi ya mtesaji kumjibu mtesaji.

Aliyekuwa karani wa polisi wa usalama, ambaye alikiri kuwa chumbani wakati Timol anaanguka, alishtakiwa mwaka 2018. Alipigania kesi isisikilizwe kwa hoja kwamba miaka imepita mingi, akashindwa katika mahakama moja baada ya nyingine, kisha akafa Septemba 2021 kabla ya kesi kuanza. Wanasheria wetu wana usemi, jinai haiozi. Ni kweli kisheria. Mashahidi na washtakiwa ndio wanaooza, na hilo ndilo shindano halisi ambalo familia hizi zinakimbia. Hata hivyo uamuzi wa Timol ulifungua mlango kwa wengine: uchunguzi wa kifo cha Neil Aggett, daktari na mwanaharakati wa chama cha wafanyakazi aliyefia katika jengo lilelile mwaka 1982, ulitolewa uamuzi mpya 2022, na ule wa Hoosen Haffejee, aliyefia mikononi mwa polisi mwaka 1977, ukafuata 2023. Kote huko hukumu ya zamani ya kujiua iliondolewa.

Nimezisifu familia, na ninamaanisha. Lakini mwanafunzi wa uwanja huu asiyeweza kumchunguza ndugu wa marehemu kwa ukali uleule anaomchunguzia polisi hatafika mbali. Ukaribu unafumbua jicho moja na unaweza kufumba la pili.

Fikiria Sam Reese Sheppard. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Julai 1954, huko Bay Village karibu na Cleveland, Marekani, mama yake Marilyn aliuawa kitandani kwa kupigwa, akiwa mjamzito. Mtoto alikuwa na miaka 7, amelala chumba cha pili. Baba yake, Daktari Sam Sheppard, alitiwa hatiani katikati ya kelele za magazeti. Mwaka 1966 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaifuta hukumu kwa sababu ya kelele hizohizo, na kesi iliporudiwa akaachiwa huru. Alikufa 1970. Mwana alitumia miaka yake ya utu uzima kutafuta tamko kwamba baba hakuua. Kaburi la baba lilifukuliwa mwaka 1997 kwa ajili ya vinasaba. Kidole kilielekezwa kwa mtu aliyekuwa akisafisha madirisha ya nyumba ile, ambaye baadaye alifungwa kwa mauaji mengine. Kesi ya madai ya fidia ilisikilizwa mwaka 2000, kwa majuma mengi, na jopo la raia likamkatalia.

Wengi husoma mwisho huo kama kwamba jopo lilimwona daktari kuwa muuaji. Siyo. Kuachiwa huru kulihitaji shaka tu. Fidia ilihitaji mwana athibitishe kwamba baba hakuhusika, na damu ya miaka 45, iliyokwisha kushikwa na mikono mingi, haikuweza kulibeba dai hilo. Kwa mtoto huyu swali lilikuwa moja tangu mwanzo, naye alikuwa na wazazi wawili ndani ya swali hilo. Kumwokoa mmoja kulimlazimu kumtafutia mwingine muuaji. Nikimsoma huwa namheshimu sana, na huwa naangalia kila anapotaja ushahidi wa vinasaba kama anasema unachosema au anasema anachotamani useme.

Upande wa pili wa mizani yupo Steve Hodel, mpelelezi mstaafu wa polisi wa Los Angeles. Baada ya baba yake kufa mwaka 1999 alikuta katika albamu yake picha alizoamini ni za Elizabeth Short, mwanamke aliyeuawa mwaka 1947 na ambaye magazeti yalimwita Black Dahlia. Kuanzia hapo akamshtaki baba yake mwenyewe, kitabu baada ya kitabu. Picha zile wengi hawazikubali. Hata hivyo nyaraka za mwendesha mashtaka zilionyesha kwamba baba huyo aliwahi kweli kushukiwa, na mwaka 1950 nyumba yake iliwekewa vinasa sauti. Hodel hakuishia hapo. Alimpa baba yake mauaji mengine mashuhuri, moja baada ya jingine, na hapo ndipo nami ninapoachana naye. Ndugu anayeongeza wahanga kila toleo jipya linapotoka ameacha kuisoma karatasi na ameanza kuiandika.

Kwa Iris Bentley sitakaa sana, ingawa anastahili. Kaka yake Derek, kijana wa miaka 19 mwenye akili hafifu, alinyongwa London Januari 1953 kwa kifo cha askari aliyepigwa risasi na mwenzake Derek. Iris alipigania jina la kaka yake maisha yake yote, akafa 1997, na hukumu ikafutwa mwaka uliofuata. Mwanaisimu Malcolm Coulthard alionyesha kwamba maelezo ambayo polisi walisema Derek aliyatamka mwenyewe yalikuwa na mpangilio wa maneno wa askari anayeandika ripoti. Wanaisimu wa Kiswahili, hii ni kazi inayowasubiri. Maelezo ya onyo katika vituo vyetu huandikwa na askari kwa Kiswahili, mara nyingi kutoka kinywani mwa mtu ambaye lugha yake ya kwanza ni nyingine, na mtu amefungwa maisha kwa sentensi ambazo pengine hajawahi kuzisema hivyo.

Anayetaka kufanya kazi hii kwetu ana pa kuanzia. Tanzania na Kenya zote zilitunga sheria za haki ya kupata taarifa mwaka 2016. Mwenendo wa kesi za zamani za Mahakama Kuu hukaa masijala, mwingine umeliwa na mchwa, mwingine uko salama kuliko unavyodhani. Ombeni mwenendo mzima, msiridhike na hukumu. Hukumu ni kile hakimu alichobakiza. Nendeni pia kwa watu wasioandikwa. Katika jamii za Waislamu maiti huoshwa kabla ya kuzikwa, na mwosha huona mwili wote, kwa utulivu, kwa mikono yake. Maadili yake yanamtaka asitiri aibu ya maiti, na ni jambo jema. Lakini alama za kamba si aibu ya maiti, na mzee aliyeziona mwaka 1975 huenda hajawahi kuulizwa na mtu yeyote. Muulizeni kwa adabu, mbele ya watu wake, na mwacheni akikataa.

Wapo pia watu wa upande mwingine wa faili. Aliyeachiwa huru na mahakama ana mke, watoto na jina, na ndugu wa marehemu anapoandika kwamba mtu huyo ndiye, maneno yake hubaki hata kama ushahidi haupo. Katika kesi ya kuuawa kwa Pio Gama Pinto, Nairobi 1965, kijana mmoja alikaa gerezani miaka 35 akisema hakuhusika. Familia mbili ziliumia kwa faili moja, na mjane wa Pinto na familia ya mfungwa walikuwa wakisubiri jibu lilelile kutoka kwa watu walewale.

Kwa kuanza, chukua hukumu ya Jaji Mothle uisome yote kabla hujakigusa kitabu cha Cajee, kisha usome cha Cajee uone kile ambacho jaji hakuweza kukiandika. Baada ya hapo soma cha Ward, halafu cha Musila, kwa mpangilio huo, na kando ya kila ukurasa andika ni karatasi gani inayogombaniwa.